Niliomba 32, nikatumia 1

Neno la kwanza ambalo klasta, ule mfumo wa kompyuta wa chuo, iliniambia lilikuwa Killed, yaani programu imekatwa. Lilijitokeza lenyewe kwenye kile kidirisha cheusi, saa nne na dakika chache asubuhi, siku ya pili tangu nipewe akaunti. Kabla sijajua limetoka wapi, likafuatiwa na ujumbe wa Kiswahili ambao kila aliyekuwa ameingia wakati ule aliuona kwenye skrini yake: "Anayepika barazani nimemzimia jiko. Aje ofisini."

Nilijua ni mimi. Dakika kumi kabla ya hapo vidole vyangu vilikuwa vinaandika herufi, nazo zinatokea skrini moja moja kama matone ya bomba bovu, na mwenzangu wa meza ya pili alikuwa ameshauliza mara mbili, "Jamani, hii kitu imeganda kwangu tu?" Nilikaa kimya. Nilidhani mtandao wa chuo umeanza mambo yake.

Nieleze kwanza kilichonipeleka huko. Mimi ni mtu wa mvua. Utafiti wangu wa shahada ya uzamili unahusu siku ambayo mvua inaanza katika mikoa ya Dodoma na Singida. Sisi wa kanda ya kati tuna msimu mmoja tu: Desemba hadi Aprili, ikipenda. Dodoma mjini mwaka mzima hupata milimita kama 550 hadi 600, kwa hiyo mkulima wa mtama au karanga akidanganywa na manyunyu ya mwisho wa Novemba akapanda, kisha jua likawaka wiki tatu, mbegu ndiyo imekwenda. Nilitaka kujua kama siku hiyo ya kuanza inasogea, na inasogea wapi.

Data nilizotumia ni zile ziitwazo CHIRPS, makadirio ya mvua ya kila siku yanayochanganya picha za setilaiti na vipimo vya vituo vya ardhini, kuanzia mwaka 1981. Zinatoka Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, na mtu yeyote anaweza kuzishusha bure. Ramani imegawanywa katika vipande vidogo vyenye upande wa kama kilomita 5 na nusu. Eneo langu lilikuwa na safu 80, kila safu vipande 70. Jumla vipande 5,600. Nilichukua miaka 42, mwaka 1981 hadi 2022, yaani siku 15,340. Kwa kila kipande natafuta siku ya kuanza kwa mvua kila mwaka, nahesabu vipindi vikavu vya katikati ya msimu, kisha nachanganya miaka upya mara 1,000 ili nione kama mwelekeo ninaouona ni wa kweli au ni bahati nasibu. Hesabu yenyewe si ngumu. Ni nyingi tu. Laptopu yangu iliifanya usiku mmoja ikinguruma kama bajaji inayopanda mlima, usiku wa pili ikajizima kwa joto.

Profesa wangu akaniombea akaunti kwenye klasta.

Niliposikia klasta nilifikiri ni kompyuta moja kubwa sana. Kumbe ni kompyuta nyingi za kawaida zilizopangwa kabatini na kuunganishwa kwa nyaya za mtandao, zikafundishwa kugawana kazi. Mtindo huu ulipata umaarufu tangu mwaka 1994, pale Thomas Sterling na Donald Becker wa NASA walipounganisha kompyuta 16 za bei nafuu wakaziita Beowulf. Yetu ilikuwa na nodi 12, yaani kompyuta 12 za namna hiyo. Kumi za kawaida, kila moja viini 32 (sehemu za prosesa zinazoweza kupiga hesabu kwa wakati mmoja) na memori ya GB 128. Mbili kubwa, viini vilevile 32 lakini memori ya GB 512. Nje ya hizo kuna nodi moja ndogo ya kuingilia, ambayo kila mtu anapitia akitoka nyumbani au ofisini. Pale unahariri faili, unaandaa skripti (faili la maagizo), unatuma kazi kwenye foleni, unaondoka.

Mimi nilikuwa nimeendesha hesabu yangu papo hapo, mlangoni.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba. Wewe ndiye mtu wa mvua?" Wote tulimwita Injinia, mtu mzima wa makamo, mpole kuliko ujumbe wake. Hakunikaripia. Aligeuza skrini yake nikaona orodha: watu 38 walikuwa wameingia saa ile, na jina langu lilikuwa juu kabisa, limekula karibu memori yote ya nodi ya kuingilia. "Hii ni baraza," akasema. "Wageni wanakaa, wanasalimiana, wanapita ndani. Wewe umeleta mkaa, umewasha moto, umeinjika ugali. Moshi umeenda kwa nani?"

Akanionyesha namna ya kutuma kazi kwa Slurm, programu inayosimamia foleni. Unaandika skripti fupi. Juu yake unataja unachohitaji: viini vingapi, memori kiasi gani, muda gani. Unatuma kwa amri ya sbatch. Slurm inakutafutia nafasi, na ikikupa, nafasi hiyo ni yako peke yako hadi kazi iishe au muda uliotaja utimie.

Sentensi hiyo ya mwisho niliisikia sikio moja.

Ijumaa iliyofuata nilituma kazi yangu ya kwanza halali. Nijisifu kidogo: skripti ilikuwa safi. Tatizo lilikuwa zile namba za juu. Viini? Niliandika 32, kwa hoja kwamba vingi ni bora kuliko vichache. Memori? GB 400, isije ikaisha njiani. Muda? Siku 7, ndiyo ilikuwa mwisho unaoruhusiwa. Na kwa kuwa GB 400 hazienei kwenye nodi za kawaida, nikaipeleka kwenye zile kubwa, ambako, tena kwa furaha yangu, foleni ilikuwa fupi. Saa kumi na mbili jioni kazi ikaanza. Nikapanda daladala nikarudi zangu Nkuhungu, na wikiendi yote nikatembea kifua mbele kama mtu mwenye kiwanda.

Jumatatu mchana nilikuwa kantini. Nilikaa meza moja na dada mmoja wa shahada ya uzamivu, mtu wa afya, anayesoma vijidudu vilivyomo kwenye maji ya visima. Alikuwa na sahani ya ugali na mlenda ambayo hakuigusa.

"Dada, huli?"

"Mdogo wangu, we acha tu. Nimeambiwa nirudishe masahihisho Ijumaa hii. Uchambuzi mmoja umebaki, na kazi yangu iko kwenye foleni tangu Ijumaa iliyopita usiku. Kuna mtu ameishika ile nodi kubwa, hatoki."

"Si ziko mbili?"

"Moja inasubiri kipuri."

Nikatikisa kichwa. Nikasema, na maneno haya nayakumbuka kila nikipita ile kantini, "Watu wengine bwana, hawana hata huruma."

Aliendelea kunieleza. Anapochambua maji ya kisima hapati kiumbe kimoja, anapata mchanganyiko wa vinasaba vya vijidudu vya kila aina, vimekatika vipande mamilioni, na programu lazima ivishike vyote kwenye memori kwa pamoja ili itafute kipi kinaungana na kipi. Kazi ya namna hiyo huwezi kuikata nusu ukaipeleka kwenye nodi ndogo. Ama unapata memori kubwa, ama unasubiri. Nikaguna kwa kumwonea uchungu. Kisha nikafungua laptopu ili nimsaidie kumtafuta huyo asiye na huruma. Amri ya squeue inaorodhesha kazi zote na wenyewe. Nodi kubwa, kazi moja, inaendelea, saa 67 na nusu sasa.

Jina la mtumiaji lilikuwa langu.

Sijui uso wangu ulikuwaje, maana dada aliacha kuzungumza akaivuta laptopu upande wake. Akasoma. Akanitazama. Mimi nilikuwa nautazama mlenda.

"Ni wewe."

"Ni mimi, dada. Sikujua."

Nilitaka kuifuta kazi palepale. Angalau hilo nilikuwa nalo. Lakini programu yangu ilikuwa inaandika majibu yote mwishoni tu. Ikikatwa njiani, siku tatu zimeteketea hazina hata mstari mmoja. Nikafungua faili la maendeleo: safu ya 75 kati ya 80. Kila safu ilikuwa inachukua dakika kama 54. Dada akapiga hesabu haraka kuliko mimi: "Saa nne na nusu. Iache imalize. Nimesubiri siku tatu, nitashindwa jioni moja?" Ndipo akavuta sahani yake akaanza kula, na mimi nikaona njaa yangu imetoka.

Saa kumi na mbili jioni ya Jumatatu kazi yangu iliisha, yake ikaanza dakika ileile. Masahihisho aliwahisha. Lakini usiku wa kuamkia siku ya mwisho hakulala, na ule usiku niliukopa mimi.

Kesho yake nikaenda mwenyewe kwa Injinia bila kuitwa. Akaandika seff na namba ya kazi yangu. Hii ni amri fupi ambayo watu wengi hawaitumii, nadhani kwa sababu inasema ukweli. Ilisema hivi: kati ya uwezo wa prosesa niliopewa, nimetumia asilimia 3.12. Kati ya GB 400 za memori, nimetumia GB 2.9.

Hiyo asilimia 3.12 si namba ya kubahatisha. Ni 1 gawanya kwa 32. Programu yangu ya Python ilikuwa na lupu moja inayopita kipande kimoja baada ya kingine, na lupu kama hiyo inakaa kwenye kiini kimoja. Haijali umeipa vingine vingapi. Vile 31 vilikaa siku tatu mikono kifuani. Saa 72 mara viini 31: saa 2,232 za prosesa ambazo hakuna aliyezitumia, na hakuna ambaye angeweza kuzitumia, kwa kuwa zilikuwa na jina langu. Na memori? Siku 15,340 mara vipande 5,600 ni namba takriban milioni 86. Kila namba ikichukua baiti 8, jumla ni kama MB 690. Nakala mbili tatu za katikati ya hesabu, unafika GB 2.9. Hesabu ya darasa la saba, ningeweza kuipiga kwenye karatasi ya maandazi kabla ya kutuma kazi. Sikuipiga. Niliandika 400.

Injinia hakuniambia kitu kikali. Aliniuliza tu, "Kwenu mnalipaje umeme?" Nikacheka bila kupenda, maana alikuwa ameligusa. Tunapanga vyumba vinne, mita ya LUKU moja. Kirefu cha LUKU ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ila nyumba yetu ina LUKU ya aina yake: lipa sawa na wenzako, tumia uwezavyo. Kila mwezi kila chumba shilingi 10,000, na kila mwezi kuna mkutano wa uani kuhusu nani ana jiko la umeme. Mimi ndiye huwa mzungumzaji mkuu. Ndiye ninayesema haiwezekani mtu mmoja akachemshia maji ya kuoga kwa umeme wa wanne.

Lakini pale uani angalau kelele zinatoka, kwa kuwa uniti zinaisha na taa zinazimika. Klasta haizimiki. Foleni inarefuka polepole, na anayeumia yuko jengo jingine, anadhani mfumo ni wa polepole. Bila ile meza ya kantini nisingejua mpaka leo.

Adhabu nayo ilikuja yenyewe, haikuhitaji barua. Slurm ya kwetu inaweka kumbukumbu ya kiasi alichochukua kila mtu, na kadiri unavyochukua ndivyo kipaumbele chako kinavyoshuka. Inahesabu ulichotengewa, si ulichotumia, kwa hiyo nilidaiwa saa 2,304 wakati kazi ya kweli ilikuwa saa 72. Deni hilo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 7. Wiki mbili nilikuwa mtu wa mkiani. Vijana walioanza juzi wananipita.

Wiki hizo mbili nilizitumia kuandika programu upya. Vipande vyangu havitegemeani: mvua ya Bahi haihitaji kujua jibu la mvua ya Manyoni. Basi nikakata kazi katika safu. Badala ya kazi moja ya saa 72, kazi ndogo 80, kila moja kiini kimoja, memori GB 2, muda saa moja na nusu. Slurm ina namna ya kuzituma zote kwa skripti moja, na ukiweka alama ya asilimia ikifuatiwa na 16 unaiambia: zisiende zaidi ya 16 kwa wakati mmoja. Kabla ya kutuma zote nilituma safu moja tu, nikaingoja, nikaitazama kwa seff. Ilikuwa sawa.

Nilizituma Alhamisi baada ya swala ya isha, nikijiandaa kusubiri siku mbili kwa lile deni langu. Nilipoamka alfajiri zilikuwa zimeisha zote. Kumi na sita kwa mpigo, dakika 54, mara tano: saa nne na nusu. Ile nodi kubwa haikuguswa. Na jambo lililonishangaza zaidi, zilianza karibu mara moja, mtu wa mkiani mimi, huku wenye kazi kubwa mbele yangu wakiwa bado wanangoja.

Nilimuuliza Injinia. Alianza kunichorea mistari ubaoni, ya nodi na ya muda, na katikati ya mchoro nikamkatiza: "Ahaa, mashine ya kusaga!"

Kijijini kwetu, upande wa Kongwa, mashine ya kusaga ilikuwa moja, ya dizeli, na Jumamosi kulikuwa na foleni ya ndoo, madebe na magunia. Mwenye mashine alikuwa mzee mmoja ambaye kofia yake ilijaa unga hata rangi yake hakuna aliyeijua. Akija mtu na magunia matano ya mahindi, mawili yako pale na matatu bado yanakuja na mkokoteni, mzee hakuwasha mashine ikanguruma bure, wala hakumnyang'anya zamu yake. Aliangalia nyuma ya foleni: "Nani ana sado?" Mama yangu alikuwa anainua mkono. Uwele wetu wa sado moja ulisagwa dakika chache, mkokoteni ukafika, mwenye magunia akaanza kama vile hakuna aliyepita. Sharti lilikuwa moja: uwe na sado kweli. Ukisema sado kumbe nyuma ya kanga una debe, siku nyingine hupitishwi.

Slurm inafanya hivyohivyo. Kazi kubwa inaposubiri nodi kadhaa zifunguke kwa pamoja, kuna nafasi ndogondogo zinazokaa wazi kwa saa moja mbili. Kazi iliyosema itachukua saa moja na nusu inachomekwa humo. Kazi iliyoandika siku 7, hata kama ingeisha kwa dakika 20, haichomekwi, kwa kuwa mfumo hauna njia ya kujua isipokuwa ulichoandika. Kwa hiyo mimi niliyekuwa najiongezea muda "kwa usalama" nilikuwa najifungia mlango kwa mkono wangu. Ukipunguza mno nako kuna lake: dakika ikifika unakatwa, umebakiza safu moja au umebakiza kumi. Siku hizi nachukua muda wa jaribio naongeza nusu yake. Si kanuni ya kitabuni, ila haijaniangusha.

Ungedhani nimeshaelimika. Yaliyofuata ni matokeo ya kuelimika nusu.

Nilikuwa nimepata woga wa kupoteza kazi njiani, ule woga wa safu ya 75. Nikaamua kila kitu kihifadhiwe papo hapo: kila kipande, kila mwaka, faili lake. Vipande 5,600 mara miaka 42 ni mafaili 235,200. Ukubwa wake haukuwa tatizo, kila moja lilikuwa na mistari michache. Tatizo ni kwamba diski ya klasta ni ya wote, na kila faili, hata la maneno matano, lina kumbukumbu yake inayotunzwa mahali pamoja: jina, mwenyewe, ruhusa, liko wapi. Kazi 16 zikifungua na kufunga mafaili madogo kwa maelfu, yule karani mmoja anayeshika daftari anazidiwa, na kila mtu mwingine anayetaka faili lake anakaa dirishani. Mtu anaandika ls, amri ya kuorodhesha mafaili, anaenda kuchukua chai, anarudi, bado.

Ujumbe wa Injinia safari hii ulikuwa na maneno mawili: "Mtu wa mvua?"

Nilikusanya kila safu kuwa faili moja. Mafaili 80. Kufuta yale ya zamani kulianza baada ya adhuhuri kukaisha jua linazama, na nililazimika kufuta kwa mafungu, taratibu, kwa kuwa hata kufuta ni kumsumbua karani yuleyule.

Woga wenyewe, hata hivyo, haukuwa wa bure. Novemba, mwezi ambao Dodoma unatafuta kivuli hata chini ya nguzo ya simu, kiyoyozi kimoja cha chumba cha seva kiligoma, na Injinia akalazimika kuzima nodi sita kabla hazijajizima zenyewe. Nilikuwa na safu 61 zimekamilika na 19 bado. Jioni nilituma zile 19 tu. Kuna jamaa wa chumba cha pili alikuwa na kazi ya siku sita isiyohifadhi hatua yoyote. Alikaa kwenye ngazi za jengo bila kusema, na nikakaa naye, maana kiti kile nakijua.

Hili la nywila nitalisema kwa kifupi kwa kuwa bado linanitia aibu. Rafiki yangu mmoja alitaka kujaribu kitu "kwa nusu saa tu", nikamtumia nywila yangu kwa WhatsApp. Ndani ya nusu saa hiyo alitaka kusafisha folda yake ya majaribio, akakosea herufi moja, akafuta folda yangu ya vipimo vya vituo vya mvua nilivyosafisha kwa mkono kwa miezi miwili. Pale hakuna pipa la taka la kurudia. Rm, ile amri ya kufuta, ikisema imefuta imefuta, na lile eneo la diski la kufanyia kazi halihifadhiwi nakala ya akiba, jambo ambalo limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo. Nilikuwa na flashi ya mwezi uliotangulia. Nikapoteza mwezi mmoja badala ya miwili. Injinia alinibadilishia nywila, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Na rafiki yako aje aombe ya kwake. Ni bure." Kweli ilikuwa bure. Fomu ya ukurasa mmoja.

Huyo Injinia ndiye aliyenisimulia siku moja, tukingoja fundi wa kiyoyozi, kuhusu Ranger, kompyuta kubwa iliyofungwa Texas mwaka 2008, yenye viini 62,976. Ilipozimwa mwaka 2013 baadhi ya makabati yake yalisafirishwa hadi Afrika Kusini, Botswana na Tanzania yakaanze maisha ya pili. Alilisimulia kwa mapenzi, kama mtu anayesimulia lori zee lililowahi kufika Kongo. Kwake nodi iliyokaa bure ni kama lori limeegeshwa linanguruma. Nilielewa kwa nini ile 3.12 ilimuuma, ingawa hakusema.

Nina tabia sasa ambayo wenzangu wanaicheka. Kabla ya kutuma kazi yoyote naandika squeue na kusoma majina yaliyo mbele yangu. Wengi siwajui. Lakini nikiona jina la dada wa visima (bado anazo kazi, sasa ni mwalimu) huwa naangalia kama ninachotaka kutuma kinaweza kungoja hadi usiku. Mara nyingi kinaweza. Sijawahi kumwambia.

Mwisho wa Novemba mama alinipigia. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Kongwa na majirani walikuwa wanauliza kama mtoto wake anayesomea mvua amesema tupande. Nikamweleza kwa mara ya mia kwamba mimi nahesabu mvua zilizokwisha kunyesha, zijazo zina wenyewe pale Mamlaka ya Hali ya Hewa. Hakuridhika.

"Kwani hayo majibu yako hayajatoka tu?"

"Nimeongeza mwaka mmoja mama, narudia. Kazi iko kwenye foleni."

"Foleni ya nini?"

"Ya mashine. Tuko wengi, mashine moja."

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia kuku na mtu anatwanga.

"Una gunia au una sado?"

"Nina sado, mama."

"Haya. Basi wakiuliza, nyoosha mkono."